Chokaa Machoni mwa Mkurugenzi

Asubuhi ile nilimshikia mkurugenzi wetu beseni. Nianze hapo, kwa sababu kwa muda mrefu, kila nilipoisimulia habari hii, niliruka beseni nikaanza na kikao, na aliyenisikiliza akadhani nilikosea tu.

Alikuwa amerudi kutoka tanuri la pili, buti zake nyeupe hadi magotini, kofia ngumu mkononi, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka msibani. Aliinama juu ya beseni katika choo cha wanawake cha ghorofani, chumba kidogo ambacho kabla yake kilikuwa stoo ya majalada, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mwanamke angekaa ghorofa ile hadi ahitaji choo. Nilimmiminia maji kwa kikombe, polepole. Maji yalishuka mashavuni mwake yakiwa na weupe kama wa uji.

“Mimina tu, mwana, usiogope,” alisema. “Hii chokaa haina heshima. Hata DG inamuchoma.”

Tulicheka, maana DG, mkurugenzi mkuu, alikuwa yeye mwenyewe. Akajifuta uso, akavua buti, akavaa viatu vyake vya kikao, tukaingia pamoja katika chumba cha baraza. Mimi nilikuwa nyuma yake na daftari langu. Yaani nilijua. Kati ya watu wote waliokuwa chumbani siku ile, hakuna aliyejua kunishinda mimi yale macho yalikuwa na nini.

Kiwanda chetu kilikuwa Lubumbashi, upande wa barabara ya Kipushi. Tulichoma mawe, tukatoa chokaa, na chokaa ikaenda migodini ambako inatumika kusafishia shaba. Ukifanya kazi pale unaizoea, lakini yenyewe haikuzoei. Inakaa kwenye nyusi, kwenye mishono ya koti, ndani ya mkate uliofungwa vizuri. Wanaume wa matanuri walitembea na chupa ndogo ya maji ya sukari mfukoni kwa ajili ya kuoshea macho. Muuguzi aliwaambia kila mwaka kwamba maji safi yanatosha, nao waliitikia kwa adabu na kuongeza sukari. Kwetu mtu mwenye machozi saa nne asubuhi haulizwi amefiwa na nani.

Yeye alikuwa mhandisi. Aliingia maabara akiwa msichana, mwanamke wa pekee, akipima chokaa katika vikombe vya kioo, na akapanda ngazi moja baada ya nyingine kwa miaka mingi. Mkurugenzi wa zamani alipougua na kurudi kwao, baraza lilimpa kiti hicho kwa muda. Kwenye mlango wake, chini ya cheo, liliandikwa neno interimu kwa herufi ndogo. Msimu mzima wa mvua ulipita, kiangazi kikapita, mvua zikaanza tena, na lile neno likabaki mlangoni. Kabla yake, mwanamume mmoja aliyewahi kushika nafasi hiyo kwa muda aliondolewa neno lile kabla kibandiko hakijakauka vizuri.

Mimi nilikuwa sekretari wa uongozi. Waliniajiri kwa sababu ya Kifaransa changu. Niliishi mtaa wa Hewa Bora kwa mama yangu, na nikitoka kazini niliandika riwaya. Jumapili kadhaa nilikuwa nimesoma kurasa zake katika ukumbi wa nyuma ya parokia, mbele ya vijana wenzangu wanaoandika, wakanipigia makofi. Hayo makofi niliyabeba kila mahali, hata ofisini. Niliamini kiwanda kimeniazima mkono wangu tu, na kwamba roho yangu iko kwingine inangoja.

Lazima nieleze pia kuhusu babu, maana bila yeye huwezi kuelewa watu wetu walivyomtazama mkurugenzi. Babu alitoka kaskazini mwa Katanga, akaja mjini kufanya kazi kwenye reli na baadaye mgodini. Alipomtaja mkurugenzi wa enzi zake alisema Baba. Baba ndiye aliyetoa unga wa wiki. Baba alitoa blanketi, aliamua nyumba ipakwe rangi gani, mtoto yupi aende shule ya ufundi. Na kumwona kwa macho kulikuwa kama kuona mvua mwezi wa Juni, katikati ya kiangazi. Babu alisimulia mara mbili alizomwona, na mara zote mbili alisimulia kofia yake.

Wazee wa kiwandani kwetu walikuwa wajukuu na watoto wa watu kama babu. Mwanamke alipokalia kiti cha Baba hawakujua waweke wapi mikono yao. Walimwita Mama DG, na kwa kuwa ni Mama, walimletea mambo ya mama: kilio, mtoto mwenye homa, ndoa inayovunjika. Asubuhi moja msimamizi mzee wa matanuri, mtu aliyeheshimika kuliko saa ya ukutani, alimsimamisha getini mbele ya zamu nzima.

“Mama DG, ba Baba ba zamani balitupatia unga. Weye utatupatia nini?”

“Nitakupatia maski, papa,” akamjibu. “Na utaivaa.”

Zamu ilicheka wiki nzima. Lakini ndivyo alivyokuwa. Hakutoa unga, wala hakukaa juu angojewe. Asubuhi alikuwa matanurini, mchana na watu wa benki, jioni kwenye simu na wateja wa mgodini ambao hawakuwahi kufika Lubumbashi na walimtaka aeleze moshi wetu unakwenda wapi. Zamani mkurugenzi aliamuru, watu wakatii. Yeye alilazimika kueleza, kushawishi, kujibu barua, kuonyesha vipimo. Nadhani alikuwa akiibuni kazi hiyo upya huku akiifanya, na mimi nilikuwa pembeni yake na kalamu.

Basi tulipoingia katika kile kikao, jambo lililokuwa mezani lilikuwa tanuri la pili. Jambo ambalo halikuwa mezani, lakini kila mtu alilijua, ni kwamba kikao kitakachofuata ndicho kitakachoamua: ama lile neno dogo linabanduliwa mlangoni, ama yeye anabanduliwa.

Wajumbe wote walikuwa wanaume. Mwenyekiti alikuja kwa ndege kutoka Kinshasa, na wawili walikuwa kwenye skrini, nyuso zao zikigandaganda. Mkurugenzi alieleza kwa Kifaransa chake kikavu kwamba matofali ya ndani ya tanuri yamepasuka. Alikuwa ameupima ufa mwenyewe mara tatu katika mwezi mmoja, akataja kila kipimo na siku yake. Tanuri lizimwe sasa, alisema, litengenezwe kabla mvua hazijakolea. Mwenyekiti alisema migodi inangoja chokaa. Mjumbe mmoja aliuliza, kwa utani, kama bibi anaogopa moto, maana kule nyumbani akina mama ndio wanaoupuliza. Walicheka, hata wale wa kwenye skrini, kwa kuchelewa kidogo.

Yeye hakucheka. Alitoa leso, akafuta macho yake, maana chokaa ilikuwa bado inauma. Kisha akaacha Kifaransa.

“Ile ufa iko,” alisema, kwa sauti ya chini. “Siwezi kutuma bana ya bantu mule ndani, kisha niende kusalimia bamama yabo ku kilio. Nakatala.”

Nywele za mikono yangu zilisimama. Mwenyekiti akasema suala litaendelea kuchunguzwa, na kikao kikafungwa.

Kazi yangu ilianza mchana. Kuandika kumbukumbu za kikao, ambazo kwetu tunaziita pe-ve, si kazi ngumu: nani kasema nini, nini kimeamuliwa. Dirisha langu lilitazama lundo jeupe la chokaa, na jua la saa tisa lililipiga hadi likawa kama kitu kitakatifu. Niliandika vipimo vya ufa, na siku zake, nikavisoma. Vilikaa kwenye ukurasa kama mawe ndani ya maharagwe. Nikavifuta. Mahali pake nikaweka maneno matatu: ufa unaoendelea kupanuka. Kisha nikafika kwenye ile leso, na hapo nikaacha kuwa sekretari.

Niliandika kwamba Kaimu Mkurugenzi Mkuu, machozi yakimlenga, alilisihi baraza liwaonee huruma watoto wa wenzake.

Kwa Kifaransa ilikuwa nzuri zaidi. Ilikuwa na mapigo. Niliisoma kwa sauti, peke yangu, mara tatu. Niliona nimemtendea heshima, kwamba kwa mara ya kwanza katika makabati yale ya chuma kutakuwa na mtu mwenye damu. Hayo ni kweli, na hayanisaidii. Kwa sababu hakusihi. Alikataa. Neno lake la mwisho lilikuwa nakatala, nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu, na nikalibadilisha kwa sababu kusihi kulisikika vizuri zaidi karibu na machozi. Na machozi yenyewe nilikuwa nimeyamiminia maji kwa kikombe asubuhi ile ile. Tena nilitaka wale wanaume wajue kwamba sekretari anajua kuandika. Hilo nalo liwe hapa.

Pe-ve haitoki bila saini ya mkurugenzi. Nilimpelekea jalada jioni. Alikuwa kwenye simu, akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

“Iko bien? Iko sawa?”

“Iko bien, Mama.”

Akasaini.

Wiki tano baadaye baraza lilikutana tena. Desturi ni kwamba pe-ve ya kikao kilichopita inasomwa kwanza, kisha mwenyekiti anauliza kama kuna masahihisho, na yeyote aliyekuwepo anaweza kuinua mkono, hata sekretari. Nilikuwa nimewahi kuinua mara nyingi, kwa ajili ya tarehe, kwa ajili ya jina lililoandikwa vibaya. Mwenyekiti alisoma haraka, kama kawaida. Alipofika kwenye sentensi yangu alipunguza mwendo. Aliisoma kama anaionja. Akanitazama juu ya miwani.

“Mademuazeli ana kalamu,” alisema. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi. Ilikuwa furaha ya sekunde mbili, lakini ilikuwepo, na ilikuwa ya moto.

Kisha akauliza kama kuna masahihisho.

Yeye alikuwa mkono wa kulia wa mwenyekiti. Alikuwa ameisikia sentensi ile kwa mara ya kwanza pamoja nao, niliona bega lake lilivyokaza. Akageuka, akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyekuachia mtoto wake mikononi kwa dakika moja, sasa amenyoosha mikono apewe. Yeye mwenyewe hangeweza kusema. Mwanamke anayekana machozi yake mbele ya meza ya wanaume, kila neno linazidi kumlowesha. Aliyeweza kusema nilikuwa mimi. Nilihitaji maneno machache tu: ile ilikuwa chokaa, na hakusihi, alikataa. Lakini kusema hivyo ni kusema kwamba sekretari alitunga, na kwamba ile kalamu iliyosifiwa sasa hivi ilikuwa kalamu ya uongo. Niliitazama kalamu. Nilisikia kiyoyozi kikidondosha maji ndani ya ndoo yake.

“Hakuna? Basi, imepitishwa.”

Walipofika kwenye suala la cheo, mwenyekiti aliongea kwa upole. Ule upole ndio unaonirudia. Hakuna anayetilia shaka elimu ya bibi, alisema, wala moyo wake, na moyo huo umeandikwa vizuri katika kumbukumbu zetu. Lakini kiwanda cha moto kinahitaji mtu wa damu baridi. Angebaki kuwa mshauri wa ufundi, na angetafutwa mtu wa nje kushika kiti.

Yeye akauliza swali moja tu, kama zile kumbukumbu zina vipimo vya ufa alivyovitaja.

Mwenyekiti alifungua kurasa, moja, ya pili, akarudi ya kwanza. Kwa haki kabisa, alitafuta.

“Sivioni, Madame.”

Akaitikia kwa kichwa. Hakunitazama tena.

Habari za ghorofani hazikai ghorofani. Kesho yake msimamizi mzee wa matanuri aliningoja getini, akanivuta pembeni kwa kiwiko.

“Banasema Mama alilia kule juu. Weye ulikuwa ndani. Alilia?”

Nilipata nafasi ya pili, bure kabisa, mbele ya mtu ambaye angeniamini.

“Sijui, papa. Nilikuwa naandika.”

Mzee alitoa mfukoni chupa yake ya maji ya sukari, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha. Tangu siku ile aliniamkia kwa adabu kubwa, kama mgeni.

Mkurugenzi mpya alikuja, mtu mzuri, sina ubaya naye. Kabla mwezi wake wa kwanza haujaisha alizima tanuri la pili kwa sababu ya ufa. Katika pe-ve niliandika kwamba alichukua uamuzi thabiti. Siku hiyo naye alitoka matanurini moja kwa moja hadi kikaoni, na macho yake yalikuwa mekundu, yanatiririka, akayafuta kwa kiganja cha mkono huku akiongea. Sikuyaandika. Hata haikunijia kuyaandika. Niliposoma nakala iliyopigwa chapa ndipo nilipoona nilichoacha, nikaenda katika kile choo cha ghorofani, ambacho kilikuwa kimeanza tena kuwekwa majalada, nikakaa pale hadi waliponitafuta.

Mama DG aliondoka kabla mvua hazijakatika. Mimi niliondoka mwaka uliofuata. Kitabu changu kilitoka, kidogo, kwa mchapishaji mdogo, na wanaokisoma husifu zaidi vitu vidogo vidogo, jinsi ninavyoona leso, jinsi ninavyoona mkono. Wanaponisifia hayo, nageuza mazungumzo.

Nilichelewa kwenda kwake kuliko ninavyopenda kusema. Alikuwa amehamia Kasungami, pembezoni mwa mji, kwenye shamba la mahindi na soya, nyumba ya matofali isiyopigwa lipu bado. Nilisikia Jumamosi huwa anapokea wasichana, wahandisi wachanga na wengine wanaoanza kupewa idara katika makampuni, wanaokuja kumuuliza namna ya kukaa kwenye meza zile. Nikaenda siku ya kazi, ili nimkute peke yake.

Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Alinipa kiti, akanipa maji, akaniuliza hali ya mama. Nikamweleza yote: beseni, vipimo, lile kusihi, mkono ambao sikuuinua, na mzee wa getini. Aliendelea kuchambua. Kila jiwe aliloliona alilitupa nyuma ya bega bila kutazama linakoangukia.

“Nilijua siku ile ile,” alisema. “Na nisikudanganye, bale babaume bangepata sababu ingine.” Akatupa jiwe. “Lakini ile balipata ni ya kwako.”

“Ndiyo, Mama.”

“Juu ya nini haukuinua mukono?”

“Niliogopa.”

“Uliogopa kazi?”

“Kazi. Na pia... alikuwa amesifu kalamu yangu.”

Hapo alicheka, mara moja, pumzi tu. Aliweka ungo chini.

“Miaka yote ile nilisoma kila karatasi mbele ya kusaini. Hata ya mafuta ya motokari nilisoma. Ile ya kwako sikusoma, juu ni weye uliandika.”

Nje, mtu alikuwa anapasua kuni, na nilihesabu mapigo ya shoka ili nisilie mbele yake, maana hayo machozi pia yangekuwa wizi. Nilipoweza kuongea nilimwomba msamaha. Alinitazama kwa muda mrefu, kwa macho meupe, makavu, macho ya mtu aliyeacha kuishi na chokaa.

“Haiyaisha, mwana,” alisema. “Siwezi kukuambia imeisha na haiyaisha.”

Kisha akataja namba tatu. Nilidhani ni namba ya simu, hadi nilipoelewa. Vilikuwa vile vipimo. Alivitaja na siku zake, kama mtu anavyotaja siku walizozaliwa watoto wake. Akaniuliza kama nina karatasi. Nikaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu, na ninaandika tena hapa: milimita tatu, kisha tano, kisha tisa.

“Jumamosi utakuja,” alisema. “Bale batoto bananiuliza kila siku namna nilipoteza kiti. Minabaambia mambo ya baraza, ya siasa. Weye utabaambia namna ilikuwa.”

Nilikwenda. Walikuwa sita, wamekaa kwenye mkeka na viti vya plastiki, madaftari magotini, mmoja bado amevaa buti zake za mgodini. Yeye alikuwa mlangoni, mgongo kwenye mwimo, mikono kifuani. Nilijitambulisha. Nikasema kwamba siku moja kulikuwa na kikao, na mwenyekiti alikuwa amekuja kwa ndege kutoka Kinshasa.

“Haina pale,” akanikatiza kutoka mlangoni. “Anzia ku beseni.”

Wasichana waligeuka wakamtazama, halafu wakanitazama mimi. Nikaanza upya.